Kioo cha Mbele cha 404

Mimi sijui kukaa. Mama yangu, enzi za uhai wake, alidai nilikimbia kabla ya kutambaa, na mume wangu alizoea kunywa chai akiwa amekishika kikombe kwa mikono yote miwili, maana akikiweka mezani angekuta nimeshakiosha. Kwa hiyo Jumapili ile, katikati ya miaka ya tisini, nilipofika kwa baba saa moja asubuhi nikiwa nimevaa raba na kubeba kiondo, mtaani hakuna aliyeshangaa. Baba peke yake ndiye aliyesema, "Mama, si upumzike leo. Ni Jumapili." Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

Nilimwambia hatuna Jumapili za kupumzikia. Zilikuwa zimebaki mbili tu.

Mambo yalikuwa hivi. Baba alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kukereza vyuma kwenye karakana moja kubwa. Nyumba aliyokaa, chumba kimoja na jiko kwenye mtaa wa wafanyakazi huku Eastlands, ilikuwa ya kampuni, na mwisho wa mwezi kampuni iliitaka. Ndugu zangu wawili, waliokuwa nyumbani kule magharibi, walishamjengea nyumba ya mabati wakaitia sakafu ya saruji. Kilichokuwa kikingojewa ni yeye mwenyewe. Na yeye alikuwa ametoa neno moja ambalo hakukubali kulibadilisha: hataondoka Nairobi kama gunia kwenye gari la mtu. Ataondoka akiendesha gari lake.

Gari lake lilikuwa 404 la samawati, alilolinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, nilipokuwa darasa la pili. Sasa lilikuwa limekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba kwa miaka mitatu, na katika mwaka huo wa mwisho lilikuwa limenitoa jasho kuliko watoto wangu wawili. Kwanza betri iliibwa. Nikatafuta betri. Nilipoipata, kabureta ikaibwa. Nikatafuta kabureta nayo, siku nne nzima za likizo yangu kutoka kiwanda cha biskuti. Hatimaye fundi wetu wa mtaani akaliwasha, likanguruma hadi majirani wakatoka nje, na baba akasimama kando akipiga makofi pamoja na watoto wa mtaa. Wiki iliyofuata kioo chote cha mbele kikatoweka.

Fundi alikagua pale kilipokuwa akasema wezi wa siku hizi wana adabu, hata mpira hawakuukata. Baba akatikisa kichwa akasema, "Eastlands hii." Mimi nilikuwa nimeshaanza kupima kwa kamba. Nilifunga mafundo mawili kwa urefu na mafundo mawili kwa kimo, nikaitia kamba kwenye kiondo pamoja na vitu vya kubadilishana: vifuniko vinne vya magurudumu ya 404 vinavyong'aa, saa ya dashibodi na honi moja. Vyote vilitoka kwenye katoni ambayo baba aliificha chini ya kitanda.

Baba alinielekeza Industrial Area. Nyuma ya viwanda, alisema, kuna yadi ya vyuma vikuukuu inayofunguliwa hata Jumapili. "Kariobangi usijisumbue," akaongeza. "Kule ni majiko na sufuria tu." Kisha akashika goti lake la kushoto, akasema linamuuma, kwa hiyo leo hatakwenda popote. Hilo lilinishangaza kidogo. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa akipotea hadi jua linapokaribia kuzama, na sisi tulijua ana vikao vya wazee wa kanisa.

Nilivuka reli kwa miguu. Industrial Area siku ya Jumapili ni kama nyumba ambayo wenyewe wamehama: mageti yamefungwa, mabomba hayatoi moshi, mbwa wamelala katikati ya barabara ambako siku nyingine wangekanyagwa na malori. Nilipita mbele ya kiwanda chetu bila kukitazama. Yadi niliyoelekezwa nilizunguka kuitafuta zaidi ya saa nzima, nikarudi mahali pale pale mara mbili, hadi mlinzi mmoja aliyekuwa akiota jua akanihurumia.

"Yadi ya vyuma?" akasema. "Hiyo ilifungwa zamani, siste. Siku hizi ni stoo ya magunia. Nani amekutuma huku?"

"Baba yangu."

"Basi mzee amekutania." Alikuna kidevu. "Jumapili vitu vya magari ya zamani viko Kariobangi. Si kila mtu anajua? Mafundi wanatandaza huko hadi jioni."

Nilimkasirikia baba njiani kote. Nilijiambia anazeeka, kichwa kinaanza kuvuja, na kwamba hiyo ni sababu nyingine ya kumharakisha afike nyumbani akaangaliwe. Nilikuwa nimepoteza asubuhi nzima, na mtu anayenijua anajua kwamba hakuna kitu kinachonichoma kama hicho. Nilipanda gari hadi barabara ya Outer Ring nikashuka kabla halijasimama vizuri, kondakta akinitukana nyuma yangu.

Kariobangi haikuwa na majiko wala sufuria siku hiyo. Vibanda vya mafundi wa jua kali vilikuwa vimefungwa, na kwenye uwanja ulio nyuma yake mafundi walikuwa wametandaza magunia, na juu ya magunia kulikuwa na kila kiungo cha magari ambayo mwenyewe ulidhani yalishakufa yote. Milango isiyo na magari. Taa za mbele zimepangwa mbili mbili, zinakutazama. Usukani wa pembe, mweupe, umepasuka. Gia za lori, viti vilivyotoka sponji, bampa zimeegemezwa ukutani. Watu walitembea polepole mno, mikono nyuma, wakiinama na kuinuka kama wanaochagua viazi. Wimbo wa kanisa ulikuwa ukitoka kwenye ukumbi wa jirani, na upepo ukigeuka ulileta harufu ya jaa la Dandora, ambayo sikuisikia sana kwa sababu nilikuwa nikiishi nayo.

Palikuwa na desturi yao pale, nami niliikosea mara moja. Hukufika ukauliza bei. Ulimwonyesha mtu ulichobeba, akakishika, akakigeuza, akakupa hadithi ya gari lake, ukampa hadithi ya lako, ndipo baadaye sana mkaanza kuzungumzia kubadilishana. Mimi nilifika kwa wa kwanza nikasema, "Kioo cha mbele cha 404 unacho?" Alinitazama kana kwamba nimeingia kwake bila kubisha hodi. "Hujambo kwanza," akasema. Wa pili alinipa kioo cha 504 akaapa kwamba kinaweza kukatwa kikaingia. Nikamuuliza kama yeye ni fundi wa vioo au wa suruali. Wa tatu alipenda vifuniko vyangu vya magurudumu, akavishika muda mrefu, akavifuta kwa shati lake, na alipomaliza kuvisifu akasema hana kioo.

Nilizunguka uwanja mzima mara tatu. Saa nane ilinikuta sijala. Kila nilipomwona mtu amekaa kwenye mkebe anakunywa chai na kucheka nilitamani kumsukuma ainuke. Hesabu ilikuwa kichwani mwangu: leo nipate, kesho fundi akiweke, Jumamosi baba aondoke. Nilikuwa nikiirudia kama mtu anayehesabu shanga.

Mzunguko wa tatu ndio ulioniongoza pembeni kabisa, kwenye kibanda cha bati cha fundi mmoja wa makamo mwenye kofia ya sufu. Mbele yake alikuwa ametandaza vitu vidogo vidogo, na nyuma, ndani ya kivuli, kulikuwa na kitu kikubwa kimeegemezwa ukutani, kimefunikwa blanketi la kijivu. Blanketi lilikuwa limeteleza upande mmoja. Niliona ukingo wa kioo ukiwa umejipinda, na mpindo ule niliujua.

Sikuomba ruhusa. Nilipita juu ya vitu vyake nikafunua, nikatoa kamba. Mafundo yalikaa sawasawa kwa urefu, yakakaa sawasawa kwa kimo. Nilikaribia kucheka.

"Niaje siste," fundi akasema nyuma yangu, bila haraka. "Hiyo haitoki."

"Nina vifuniko vinne. Nina saa inayofanya kazi. Nina honi."

"Hata ukileta gari zima. Mwenyewe alisema isitoke."

"Mwenyewe nani?" nikauliza, na nilipokuwa nikiuliza macho yangu yalikuwa yameshashuka kwenye pembe ya chini ya kioo.

Miaka ile kila mwenye gari Nairobi aliichoresha namba yake kwenye kila kioo na kila taa. Ulimpelekea mtu mwenye kimashine, akaikwaruza namba kwa herufi nyeupe ndogo, ili kikiibwa kiwe kigumu kuuzika. Namba iliyokuwa kwenye pembe ile niliijua kabla ya kujua tarehe yangu ya kuzaliwa. Tulikuwa tukiiimba na ndugu zangu tukiwa kiti cha nyuma.

Damu ilinipanda. Nilisimama, nikageuka, nikamwelekezea kidole, na neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ni neno fupi. Kwa mtu wa Eastlands halihitaji maelezo: ukilipiga kelele mahali penye watu, hakuna anayeuliza swali, kila mtu anaokota jiwe, na hapo mawe yalikuwa ni vyuma. Nilikuwa nimeshawahi kuona mwisho wake, karibu na stendi, na niliota jambo hilo mwezi mzima. Hilo tu ndilo lililonifunga mdomo. Nilisema kwa sauti ya chini, "Hiki kioo kimeibwa kwa baba yangu."

Fundi hakuruka wala hakukataa. Aliniangalia usoni kwa muda, kisha miguuni, kwenye raba, kisha kwenye kiondo.

"Kwani wewe ndiye msichana wa biskuti?" akauliza.

Nilishusha kidole.

"Huyo mzee alileta hii mwenyewe. Na mkokoteni. Amefunga na blanketi hivyo hivyo unavyoiona, anatembea kando ameishika ndio isigongwe. Mimi nilimsaidia kuishusha." Alinyoosha mkono akaonyesha kiti cha gari kilichokuwa kwenye kivuli, kiti cha mbele cha ngozi, kimewekwa juu ya matofali. "Na hapo ndipo huwa anakaa. Kila Jumapili. Akishatoka kanisa anakuja, tunamletea injini yoyote imetushinda, anaweka sikio, anatuambia ni valvu gani. Huyo mzee ni wetu. Leo tumemngoja hajatokea."

"Na betri?" nikauliza. "Na kabureta?"

"Betri alipatia kijana mmoja wa teksi. Kabureta sijui." Akapangusa mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa na mafuta. "Siste, usimkasirikie. Alisema hiyo gari ikitembea tu, mtampakia mumpeleke ushago, kule kijijini. Mimi nikamwambia, si uwaambie watoto hutaki. Akasema wewe uko mbio sana, hajapata mahali pa kuingilia."

Nilikaa. Sikukaa kwenye kiti cha baba, nilikaa chini, juu ya gunia lake, katikati ya plagi na bolti. Fundi alinipa chai kwenye kikombe cha bati na sikuinywa. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia baba papo hapo. Haikuwa hivyo. Kwanza nilikasirika, nikikumbuka siku nne za likizo, nikikumbuka makofi yale aliyopiga injini ilipowaka. Kisha hasira ikaisha na chini yake nikakuta woga, na woga wenyewe ulikuwa na maneno kamili: kama haendi nyumbani, anakwenda wapi?

Nililijua jibu la swali hilo. Tulikuwa tukiishi Dandora, watu wanne kwenye chumba kimoja kilichokatwa kwa pazia. Mwaka mzima nilikuwa nikisema natafuta vipuri ili baba afurahi aende kwa heshima. Pale chini, nikiwa na kikombe mkononi, nilijua kwamba nilikuwa nikikimbia ili aondoke kabla mtu hajaniuliza kama ana pa kulala.

"Chukua," fundi akasema. "Kama ni yenu ni yenu. Nitakutafutia mkokoteni."

Nilikataa. Nilimwachia na vifuniko vya magurudumu, sijui kwa nini, akavipokea bila kuuliza.

Jua lilikuwa bado liko juu ya paa nilipofika kwa baba. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, goti amelinyoosha, anamenya viazi vya jioni.

"Umepata?" akauliza.

"Nimepata."

Kisu kilisimama. "Kiko wapi?"

"Nimekiacha pale ulipokiweka."

Hakujitetea. Aliendelea kumenya kiazi kile kile hadi kikawa kidogo sana, akakitia kwenye maji. Niliingia ndani, nikatoka, nikainua ndoo nikaiweka mahali pengine, nikafagia mahali palipofagiwa. Mwishowe nikasimama mbele yake nikamuuliza, "Baba, kama hutaki kwenda, kwa nini usiseme?"

"Kule wananingoja nife," akasema. "Si kwa ubaya, mama. Ni watoto wazuri. Wamejenga nyumba, wamepanda na miti. Nilipokwenda Desemba walinionyesha hata mahali, kando ya mama yako, wamepafyeka vizuri. Kila kitu kiko tayari kule. Kilichobaki ni mimi tu." Alichukua kiazi kingine. "Wenzangu niliosoma nao wote wamekwisha. Nitaamka asubuhi nimwambie nani habari za injini?"

"Ungetuambia."

"Nikisema sitaki kwenda, mama, nitakaa kwa nani?"

Hakuuliza kwa hila wala kwa kunitega. Aliinua macho akangoja, kama anavyongoja mtu aliyeuliza saa.

Mimi, ambaye sijawahi kumwacha mtu amalize sentensi, nilichelewa. Niliona pazia letu, godoro la watoto sakafuni, bafu ya wapangaji wote wa plot yenye foleni. Haikuwa hata muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Kisha nikasema, "Kwangu, baba. Utakaa kwangu." Nilisema kwa sauti kubwa, nikarudia, nikaanza kueleza jinsi tutakavyosogeza kabati. Lakini yule alikuwa mtu aliyepima vyuma kwa jicho miaka thelathini na minne, na tofauti nyembamba kuliko unywele ilimtosha kujua kwamba kitu hakiingii mahali pake.

"Asante, mama," akasema. "Nimesikia. Asante sana." Akaniomba nimletee chumvi.

Jumatatu nilikuwa kazini. Alikwenda Kariobangi mwenyewe, goti likiwa zima, akarudi akitembea kando ya mkokoteni, ameshika blanketi. Yeye na fundi wetu walikiweka kioo siku hiyo hiyo. Jumamosi alfajiri alivaa koti la suti, akafunga godoro juu ya gari, akanipa mkono kama tunavyopeana kanisani, akawasha. Nilimwambia nitamsindikiza walau hadi nje ya mji akasema gari limejaa. Kiti cha mbele kilikuwa na sufuria mbili tu na redio.

Ndugu zangu walinipigia simu kwa jirani wakanisifu sana. Walisema alifika kabla ya giza, gari halikumsumbua hata kidogo, kijiji kizima kilitoka kumpokea. Walisema bila mbio zangu jambo lile lisingewezekana.

Aliishi kule miaka sita. Nilikwenda kumwona kila Desemba, na Pasaka nikipata ruhusa. Kila nilipofika, kabla sijaweka mzigo chini, aliniuliza swali moja: "Unarudi Nairobi lini, mama?" Nikamtajia siku, na mara nyingine saa na basi, na hapo sikuchelewa kujibu hata mara moja.